Kiko Hiki Hakizikwi

Vinh Bao, 24 Februari 2014

Mwanangu Xuyen,

Kalamu hii ni ya mdogo wako Thuan, inavuja. Ukiona madoa usidhani mama amelia. Sisi hapa tunaamka. Nguruwe ameamka, mbwa ameamka, baba yako ameamka na kukohoa kama kawaida yake. Na wewe unaamkaje huko Hanoi? Ulipokuja Tet, sikukuu ya mwaka mpya, nilikutazama mgongo wakati unaosha vyombo, nikaiona mifupa mmoja mmoja kupitia shati. Kula. Hospitali ina wagonjwa wa kutosha, haihitaji na wewe.

Thuan na Lua, yule binti wa ng'ambo ya mto, wamekubaliana. Posa tutaipeleka mwishoni mwa mwaka, mavuno yakishapita. Miche ya tumbaku tumeimaliza kupanda, na mgongo wangu haunisemeshi.

Sasa lililonikalisha hapa. Ningepiga simu, lakini simu ya nyumba hii inakaa mfukoni kwa baba yako, na ukiongea nayo anasogea, anakunywa chai yake sikioni kwako. Ndiyo maana naandika. Darasa langu la nne unalijua, vumilia.

Mke wa Bwana Chuyen alikwenda kumwona mkwe wake kwenye hospitali yenu. Amerudi anasema amekuona. Anasema huchomi tena sindano. Eti unapita kitanda kwa kitanda unawauliza wanaume kama wanavuta tumbaku, nao wanakucheka. Kayasema sokoni mbele za watu, huku anachagua mlenda: "Mama Xuyen, binti yenu siku hizi ni polisi wa moshi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Mwanangu, umekosa nini? Kama umemkosea daktari mkubwa niambie, nitakuja na jogoo nimwombe radhi. Watu nimewaambia umeazimwa tu kwa muda, utarudi kwenye sindano. Baba yako sijamwambia. Unajua sisi tunakula nini. Kitabu chako cha kwanza mpaka cha mwisho vimetoka kwenye jani la shamba hili. Mtoto wa Vinh Bao kuwaambia watu waache tumbaku ni kama mtoto wa mvuvi kuwaambia watu samaki ananuka.

Baba yako mzima. Sauti tu imekauka tangu Tet, ni baridi. Nampa tangawizi.

Mimi mama yako,
Nhai


Hanoi, 16 Machi 2014

Mama,

Shikamoo. Mwambie Thuan kalamu yake nimeiona, na barua za kwa Lua aziandike kwa nyingine. Nakula. Juzi nilikula supu ya kaa na mlenda kwa mama mmoja nyuma ya hospitali. Yake ina maji mengi, nikaikumbuka ya kwako.

Sijakosa kitu, Mama. Nimechaguliwa. Hospitali imeanzisha kazi mpya. Kila mgonjwa anayelazwa, awe ameumia mguu, awe anaumwa moyo, awe na jipu, anaulizwa kama anavuta. Akitaka kuacha tunamsaidia hapo hapo kitandani, na akirudi kwao tunampigia simu kumjulia hali. Kuna plasta za kubandika mkononi na kuna dawa za kutafuna, zinapunguza ile kiu. Wauguzi wengi waliiomba kazi hii, wakachukua wachache.

Wodi ya saratani iko juu yetu. Nimewahi kufanya kazi huko. Kule juu unamchoma sindano mtu na wote wawili mnajua mmechelewa. Huku chini namkuta kabla hajapanda ngazi. Ndiyo tofauti, na sitaki kurudishwa.

Mkubwa wetu, Sista Que, alitufundisha siku ya kwanza: "Msihubiri. Mtu akilala chali, kiko kiko mbali na hofu iko karibu, hapo sikio linafunguka. Muulizeni tu anakipendea nini." Wanacheka, ni kweli. Kuna dereva wa lori, mguu umening'inizwa hewani, akaniambia, "Sista, kilichovunjika ni mguu. Pafu halimo." Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Vinh Bao. Wodi nzima ikaangua kicheko. "Vinh Bao? Nyinyi ndio mnaotunyonyesha, leo mnakuja kutuachisha ziwa?" Nikamjibu, "Kwani anayeachisha ziwa ni nani, si aliyenyonyesha?" Kesho yake akaomba plasta.

Kwa hiyo jogoo wako abaki na mitetea yake.

Neno moja, Mama. Sauti ya baba imekauka tangu Tet, na Tet ilikuwa Januari. Babu alianzaje? Nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu kwamba alikuwa akigonga meza akitaka kuniita.

Mwanao,
Xuyen


Vinh Bao, 12 Aprili 2014

Mwanangu Xuyen,

Marahaba. Nimechelewa, kulikuwa na viwavi. Tumbaku imefika kiunoni, sasa tunang'oa machipukizi, vidole vyangu vina ile gundi nyeusi haitoki hata kwa ndimu. Nguruwe tumemuuza. Mbwa anamtafuta mpaka leo.

Yale ya kuachisha ziwa nimeyasoma, nikayarudia, kisha nikamsomea Lua alipokuja kutusaidia shambani. Alicheka mpaka akakaa chini. Binti ana moyo mzuri yule, ila chumvi anatia nyingi. Sasa najua hukufukuzwa. Kwa watu bado nasema umeazimwa. Nipe muda, midomo ya soko si midomo ya mtu mmoja.

Baba yako amezika kiko tena. Mchezo wake unaujua. Kikohozi kikimzidi anachukua jembe, anakizika kiko chake cha mwanzi chini ya mpopoo, ananawa mikono, anatangaza njia nzima, "Nimezika." Halafu Bwana Chuyen anakuja na birika la chai, wanakaa wawili, wanautazama mpopoo kama wafiwa. Chuyen anasema, "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Baba yako anasema, "Hakuwahi kumnyima mtu." Chai haijapoa, jembe limeshatoka. Safari hii kilikaa mpaka udongo ukaota nyasi, nikaanza kufurahi kimoyomoyo. Jumapili narudi kutoka sokoni nakuta shimo, na mbwa analinusa. Kijiji kizima hapa ni hivyo hivyo, unawajua. Kiko cha Vinh Bao kinaijua njia ya kutoka kaburini.

Kuku wanataga vizuri. Mvua imekuja kwa wakati. Nimeishiwa habari.

Mama yako,
Nhai

Nimeifungua tena bahasha. Babu yako alianza kwa sauti. Umeniuliza, nimekujibu. Usiniulize tena.


Hanoi, 27 Aprili 2014

Mama,

Shikamoo, na Lua msalimie.

Mlete baba. Hapa kuna daktari wa koo, ana kamba nyembamba yenye taa, anaiingiza anatazama, si maumivu makubwa. Huenda ni kikohozi tu. Kama ni kitu, bado ni kidogo na kinaondoka. Kikikua kitafanya kama cha babu.

Mimi siwezi kumwambia. Kila siku nawauliza wanaume wa umri wake maswali ambayo wake zao hawayathubutu, lakini yeye ni baba yangu. Nilimpigia juzi nikiwa nimejiandaa kabisa. Nikaishia kumuuliza habari za nguruwe, akaniambia kwa sauti ile kwamba mmeuza, nikasema hongereni, nikakata.

Tafuta njia, Mama. Wewe huwa unaipata.

Xuyen


Vinh Bao, 30 Mei 2014

Mwanangu,

Barua hii anayo Thuan, na baba yako anaye Thuan. Mimi nimebaki, majani yameiva, na jani halijui kwamba mtu anaumwa.

Nimempataje? Nilimwambia hivi: "Siku ya posa ya Thuan ni wewe utakayesimama mbele ya ukoo wa Lua uwaombe binti yao. Utaomba kwa sauti hiyo? Watadhani tumekuja na bata." Asubuhi nikamkuta amekwisha chana nywele.

Amebeba kiko chake ndani ya mfuko wa mchele, anadhani sijaona. Muache nacho. Avae soksi, atakudanganya hasikii baridi. Mayai ni ya wodi nzima, ya kwako ni yale yenye alama ya mkaa. Usimwambie nilikuandikia ya babu.

Madoa haya utayaona. Leo si kalamu.

Mama


Hanoi, 18 Juni 2014

Mama,

Shikamoo. Najua Thuan amekusimulia nusu ya mambo, na nusu hiyo ni habari za lifti.

Kwanza lile kubwa, ingawa tulikupigia kwa simu ya jirani. Doa jeupe waliloliona kwenye uzi wa sauti wamelikata na wamelipima. Si saratani. Naliandika ili uwe nalo mkononi: si saratani. Lakini lilikuwa limeshafunga mizigo kuelekea huko. Daktari anasema akiendelea kuvuta litaota jingine, na hilo jingine huenda lisitusubiri.

La pili Thuan halijui, kwa kuwa alikuwa amekwenda kununua uji.

Kabla ya upasuaji ilikuwa lazima baba aulizwe kama wengine. Nilimwomba Sista Que aende yeye. Baba alimchangamkia, akamweleza jani linavyokatwa, akamwalika aje tule kwetu, mwisho akamwambia, "Sista, kwetu tumbaku ni kama wali. Mtu haachi wali." Que akarudi anacheka, mikono mitupu. Mimi nilikuwa nikipita vitanda vyote naruka cha baba, kile cha dirishani. Siku ya pili akasema kwa mkwaruzo wake ule, wodi nzima inasikia, "Yule sista mwembamba anapita kote ananiruka mimi. Kwani mimi nimekuja kutembea?"

Nikarudi chumba cha wauguzi, nikafunga vifungo vya koti mpaka juu. Mama, unajua watu wetu hatufungui mdomo mpaka tujue tumwite mwenzetu nani. Nikimwita "baba", mimi ni mtoto, na mtoto hana cha kumuuliza. Basi nikasimama miguuni pa kitanda nikasema, "Shikamoo, mzee. Naitwa Sista Xuyen. Naomba ruhusa nikuulize machache."

Akageukia dirisha. Nikadhani nimemvunjia heshima. Halafu akajiinua kwenye mto, akasema, "Marahaba, sista. Uliza."

"Umewahi kujaribu kuacha, mzee?"

"Nimekizika mara nyingi kuliko nilivyozika ndugu."

"Na kinachokurudisha ni nini?"

"Najua kilipo."

Nikamuuliza anaogopa nini. Mama, hili nakuandikia wewe, tusiliseme tena. Akaniambia siku za mwisho babu hakuweza kumeza hata maji, lakini alikuwa akionyesha kiko kwa kidole, na yeye akimshikia. "Nilimshikia mpaka mwisho, sista. Sitaki mwanangu anishikie mimi." Kisha akasema, "Na kuna jingine. Nina binti, naye ni muuguzi kama wewe. Nimemsomesha kwa jani hili. Nikisema leo jani ni baya, nitakuwa nimemsomesha kwa nini?"

Hilo hatukufundishwa. Nikasema, "Huyo binti anajivunia baba yake, mzee."

"Unamjua?"

"Namjua kidogo."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Mwongo wewe. Namwona alivyokonda."

Tukacheka, yeye bila sauti. Akakunja mkono wa shati. "Haya, sista. Nibandike hiyo plasta yako."

Baada ya upasuaji alikatazwa kuongea. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema hajawahi kuona mtu wa Vinh Bao amenyamaza, ni ajabu, waitwe watu wa redio. Siku ya kuondoka wakamruhusu kunong'ona. Nilikuwa nimevua koti, nimewasindikiza mpaka getini. Neno lake la kwanza likawa, "Xuyen, umekula?"

Basi nikajua nimekuwa mtoto tena.

Mwanao,
Xuyen


Vinh Bao, 21 Agosti 2014

Mwanangu Xuyen,

Marahaba. Barua yako niliisomea kwenye banda la nguruwe ili baba yako asinione uso. Nguruwe mpya kaniona, lakini huyo haongei. Sikujibu upesi kwa sababu kila nilipokaa niandike nilikuwa naanza na lile la babu, nalo tumekubaliana tusiliseme.

Mavuno mazuri. Thuan amekata majani safari hii, baba yako akimsimamia kwa vidole tu, maana sauti alikuwa anaitunza. Rangi imetoka kama asali. Najua si habari ya kukufurahisha, lakini ni kazi ya mikono yetu, nakuambia.

Sasa baba yako. Mwezi ule wa kwanza tulifuga chui milia humu ndani. Aligombana na mbwa, na redio, na mvua. Pipi za tangawizi anatafuna kama ng'ombe. Chuyen alipoona plasta kwenye mkono akamwambia, "Khoat, wamekuziba? Kumbe ulikuwa unavuja?" Baba yako akamjibu, "Wameniziba nisije nikafanana na wewe." Nikajua anapona.

Kuna jambo. Kulikuwa na karamu ya kumbukumbu ya marehemu baba yake Chuyen. Unajua mambo yalivyo, chai, wali, halafu kiko kinazunguka, na kukipitisha bila kuvuta ni kama kumtemea mate mwenye nyumba. Baba yako aliporudi sikumuuliza, nilinusa. Akakaa kizingitini. Akasema, "Mwandikie sista kwamba mzee ameteleza."

Nikasema, "Nitamwandikia Xuyen."

"Sijasema Xuyen. Nimesema sista. Xuyen usimwambie."

Basi namwambia sista. Xuyen hapa asisome.

Na tangu siku hiyo kiko hakipo kwenye kona yake. Nilikwenda mpopooni, udongo haujaguswa. Nimezunguka nyumba yote, banda, kisima, hakuna kaburi. Kingekuwa kimezikwa ningejua kukihofia. Sasa sijui kiko wapi, na yeye simuulizi, naogopa atakachojibu. Huenda kimehamia kwa Chuyen. Huenda naye atakuwa anakifuata huko. Kila akisafisha koo asubuhi nasimama na kikombe mkononi nasikiliza ni sauti gani itatoka.

Mama yako,
Nhai


Hanoi, 7 Septemba 2014

Mama,

Shikamoo. Xuyen hakusoma. Sista amesoma, na anajibu. Msomee anayehusika:

"Mzee wa kitanda cha dirishani, shikamoo. Wanaoteleza ni wengi, na karibu wote niliowaona wakiacha kabisa waliteleza kwanza. Plasta usiziache. Mwezi ujao uje uangaliwe koo. Uliniambia kinachokurudisha ni kwamba unajua kilipo. Hilo sina dawa yake hapa hospitalini. Dawa unayo wewe. Sista."

Mwisho wa kumsomea. Mama, usizunguke tena kutafuta. Akiwa tayari utajua.

Posa imeangukia siku yangu ya zamu, nimeomba ruhusa nimekosa. Harusini nitakuwepo. Niahidi utaniandikia kila kitu cha siku hiyo ya posa, hata nani alikaa wapi.

Xuyen


Vinh Bao, 29 Novemba 2014

Mwanangu Xuyen,

Leo nimekaa mezani, si bandani, na kalamu ni mpya, ameninunulia Lua. Sisi wazima, na safari hii nikisema wazima amini.

Naanzia mbali. Barua ya sista nilimsomea wakati anafunga kamba za kuanikia. Aliniambia nirudie lile neno la mwisho. Kesho yake nikasikia msumeno nyuma ya banda. Nikaenda kwa kunyata. Alikuwa na kiko chake magotini, kumbe kilikuwa kwenye paa la kibanda cha kukatia majani, alikipandisha huko siku ile ya kuteleza kwa sababu hakujua akifanye nini. Amekikata juu, amekiziba lile tundu la pembeni. Akanitazama. Akasema, "Nikikizika nitajua pa kuchimba." Akaja nacho jikoni, akakisimamisha kando ya chungu, akatia ndani vijiti vyetu vya kulia.

Nimekichemsha na chokaa. Nimekichemsha na majani ya chai. Bado wiki ile nzima wali ulikuwa na ladha ya tumbaku, Thuan akasema, "Baba ameacha kuvuta, tumeanza sisi." Sasa kimetulia. Asubuhi mchana jioni baba yako anakishika, anatoa vijiti, anakula. Na anakula kweli, suruali ya posa ilibidi niitanue.

Oktoba ulipompeleka kwa daktari wakasema koo safi, unajua alirudi akaniambia nini? "Barabara ina mashimo." Basi. Nilijua kwa namna alivyovua viatu.

Sasa posa. Tuliingia kwa Lua saa nzuri aliyotuchagulia mwenye kuangalia siku. Masinia mekundu, yote yamefunikwa: tambuu na popoo, chai, keki na matunda, pombe ya mchele. Baba yako mwenyewe ndiye aliyekataa sinia la tumbaku. Mahali pake akaweka wali wa kunata mwekundu ili hesabu ya masinia ibaki witiri kama desturi. Nilimwambia, watasema. Akaniambia, waseme. Usingizi wangu uliishia hapo.

Nani alikaa wapi: mimi nilikaa karibu na mlango, mke wa Chuyen kando yangu anakunja tambuu, wazee wa kwao ukutani chini ya madhabahu ya mababu, katikati yao baba mkubwa wa Lua, Mzee Hoach, mtu mkavu kama kuni. Baba yako akasimama. Nikashika kiti. Akafungua mdomo, na mwanangu, sauti ile sijaisikia tangu siku aliyokuja kwetu kunichukua mimi. Haikupanda, haikukwaruza. Akawaomba binti yao kama mtu anayekata jani, kila neno jembamba, sawasawa, hakuna lililochanika.

Mzee Hoach akayapitia masinia kwa macho. Akasema, na yeye sauti yake ni ya mkwaruzo, "Bwana Khoat, nyinyi ni watu wa Vinh Bao. Posa ya Vinh Bao bila tumbaku? Au binti yetu hastahili hata moshi?"

Thuan akawa mweupe kama wali. Baba yako akasema, "Sinia hilo limo, kaka, mmelisikiliza tangu niliposimama. Tumbaku niliiweka chini ndipo nikaipata sauti ya kumwombea binti yenu. Mnataka niirudishe? Mtaombwa na bata."

Neno langu la bata kaliiba hivyo hivyo, hadharani. Wakacheka, wa kwanza bibi yake Lua, na bibi akishacheka nani atakataa. Wakaifunua chai. Binti tumepewa.

Na sasa langu. Tulipokuwa tunaaga, Mzee Hoach akanifuata jikoni. Akaangalia nyuma kama mwizi. "Mama Xuyen, nani alimtibu mumeo?" Mke wa Chuyen yuko pale pale, masikio amesimamisha. Ningeweza kunong'ona. Sikunong'ona. Nikasema, "Waliokata ni madaktari. Aliyemwachisha ni binti yangu. Anapita kitanda kwa kitanda anawauliza watu kama wanavuta. Ndiyo kazi yake. Alichaguliwa."

Mke wa Chuyen akasema, "Si ulituambia ameazimwa tu?"

Nikamwambia, "Ameazimwa. Na hospitali imekataa kumrudisha."

Sijawahi kutembea njia ile ya mto kwa wepesi namna ile, na viatu vilikuwa vya kuazima.

Shamba la kando ya mfereji baba yako anataka mwakani tupande vitunguu. Yale mengine bado tumbaku. Sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Bwana Chuyen bado anakuja na birika lake, anautazama mpopoo, hana maiti wa kumlilia. Jana kauliza kama zile plasta zinauma.

Mzee Hoach atakuja hospitalini kwenu harusi ikishapita, nimempa jina lako. Atakwambia amekuja kwa ajili ya goti. Mpokee, mwite mzee, muulize anakipendea nini. Na kitanda chake usikiruke.

Baba yako ananiomba kalamu. Nampa, ila isiwe ndefu, karatasi imekwisha.

Mama yako,
Nhai

Sista, mzee wa dirishani hajateleza tena.
Xuyen, umekula?
Baba